Matundu Sita

Barabara ya Nasser, ghorofa ya pili, juu ya mashine
zinazotema kalenda za mwaka ambao haujafika,
Zamzam aliniwekea simu mezani, kioo kimepasuka,
akasema: "Nataka herufi tu. Ukuta uache."

Pichani: *Mkate Bora*.
Herufi nyekundu, zina mikia, zina madaha,
M imepanua miguu kama bwana harusi mbele ya kamera,
B ina matumbo mawili, kila tumbo na mkanda wa dhahabu.
Babake, Mzee Fadlalla, alizichora kule Bombo
kwa rangi iliyosalia kwenye geti la jirani.
Ukuta wenyewe haupo. Greda la barabara lilipita Machi.

Nikaanza na kijiti cha uchawi, kama kila mvivu.
Nikabofya wekundu. Kikameza wekundu,
kikameza na vumbi la murram lililopanda ukutani miaka ishirini,
na gauni la mtoto aliyepita mbio.
Nikakipunguzia uvumilivu hadi kumi, hadi nne:
sasa kikawa mchoyo, kikazitafuna herufi pembeni kama panya.
Tendua. Tendua. Tendua.

Basi nikashika kalamu.
Nukta, vuta. Nukta, vuta.
Ukimfuata mtu kwa nukta utajua alipopumua:
hapa brashi iliishiwa, akarudi kwenye kopo;
hapa ngazi iliyumba; hapa, kwenye mkia wa r,
kuna aliyemsalimia, naye akaitika bila kuinua mkono.

Saa tisa umeme ukaondoka na nusu ya k.
Tukakaa. Korongo wa majalalani akatua paa la pili
akatutazama kama afisa wa kodi.
Zamzam akamega mkate aliokuja nao kwenye karatasi,
ungali na joto la mkoba.
Hatukuzungumza. Chini, wino ulinuka.

Umeme uliporudi, yalibaki matundu.
Wasioijua kazi hii huyasahau:
hukata nje, wakajipongeza,
kumbe ndani ya o ukuta bado umekaa, mpangaji asiyelipa.
Matundu sita: la a, la e, mawili ya B,
la o, la a ya mwisho.
Nikayatoboa moja moja, na nyuma yake ikatokea
ile miraba ya kijivu na nyeupe, ubao wa drafti
ambao kompyuta huutandika ikitaka kusema: hapa hakuna kitu.

Nikalainisha kingo. Nikafuta tone
lililochuruzika chini ya t. Nikainyoosha a ya mwisho,
maana ilikuwa imeinama, ndogo kuliko dada yake.
Nikamgeuzia skrini, nikingoja sifa.

"Nzuri," akasema. Akanyamaza.
"Lakini hii ni ya nani?"

Tone lile, akaniambia, lilianguka
siku nilipoitikisa ngazi nikidai shilingi mia ya kabalagala.
Na hiyo a, mkono ulikuwa umeshaanza kutetemeka.
Alisema ni upepo.
Siku ile majani hayakutikisika.

Tendua. Nikarudi nyuma hatua kwa hatua
kama mtu anayetafuta ufunguo njia nzima aliyopita,
hadi tone likadondoka upya mahali pake,
hadi a ikainama.

"Na la o," akasema, "lizibe."
Nikakuza picha. Ndani ya o, samawati ya ukuta,
na msumari mmoja alipotundika kofia akipaka.
Nikamwambia: kwenye mfuko itaonekana doa.
Watu watauliza.
"Waulize."

Ijumaa mifuko elfu mbili ikatoka.
Herufi zimesimama peke yake juu ya weupe,
hazina barabara, hazina vumbi, hazina Bombo,
ila katika o, kipande cha ukuta sawa na ukucha.
Mpiga chapa alilalamika: samawati ni rangi ya tano,
ya tano ina bei yake.
Nikamwandikia Zamzam risiti ya rangi nne.