Kibandani kwa Nambozo

Msiniulize kama mpya ni mzuri.
Mpira wa mwaka huu ni ule wa mwaka jana
uliovalishwa jezi nyingine:
kipa bado anaruka baada ya bao,
mtangazaji bado anashangaa.

Nyongeza ya Ngome ya Saba, hiyo niliikeshea
siku tatu, kwa bando la usiku wa manane,
gigabaiti arobaini zikidondoka moja moja.
Nikafuta mbio za magari ili ipate pa kukaa.
Najuta.
Kisiwa kipya, maadui wale wale,
na upanga wenye makali unauzwa kwa pesa halisi,
bei ya rolex mbili za mayai manne!
Wamimbi anasema nimezeeka.
Nina miaka kumi na tisa.

Lakini mvua yao, jamani.
Jana jioni, Mbale kote kukavu,
Wanale hauna hata wingu,
ikashuka juu ya mapaa ya ngome.
Nambozo akaacha kuhesabu mia tano zetu,
akainuka na beseni,
akalitega pale panapovuja.

Hakuna aliyecheka.
Sote tulikuwa tumeshatazama juu, kwenye bati.