Kibanda cha Kioo

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka.
Hawakuziona hizi za Tbilisi,
zinazoshuka zenyewe, mtu kasimama tu, mkono mfukoni,
hadi kwenye treni zipitazo chini ya mto.

Mwisho wa ngazi kuna kibanda cha kioo,
nafasi ya kiti, birika na kalenda ya mwaka juzi.
Humo hukaa Tsiala Kobalia,
mwaka wa ishirini na sita sasa,
akitazama viatu.

Viatu ndivyo hutangulia:
soli zenye theluji chafu, buti za askari wa likizo,
kisha magoti, kisha mfuko wa komamanga,
kisha mkate wa tanuri unaofuka chini ya kwapa,
na mwisho, kama nyongeza ya muuza duka, uso.

Kazi yake ni kitufe chekundu.
Kisiguswe: hiyo ndiyo kazi.
Nodari, dereva wa basi, humtania,
"Wewe unalipwa kwa kuketi."
"Na wewe unaendesha umesimama?"

Anamjua aliyehama, kwa saa anayopita.
Anamjua mzee wa koti la kahawia
aliyekuwa akishuka na mkewe;
sasa anashuka peke yake
na bado anabana ukingoni mwa ngazi,
asimkanyage mtu.

Jumanne moja ya Februari
skafu ya mtoto ikaingia kwenye meno ya chuma.
Tsiala akabonyeza.

Ngurumo aliyodhani ni ya masikio yake
ikakatika.
Watu mia, juu ya ngazi ambazo sasa ni ngazi tu,
wakageuka kumtazama.
Akatoka na kisu cha jibini, akakata sufi,
nyuzi za kijani zikabaki kwenye meno.
Mtoto, shingo wazi, hakulia. Aliuliza,
"Bibi, unalala humu?"
"Natoka saa mbili," akasema Tsiala,
na sauti yake ikapanda mpaka juu, ikarudi.

Saa mbili alitoka.
Akapanda na wengine, upepo wa handaki ukimsukuma mgongoni,
macho, kwa mazoea, chini.
Kiatu chake cha kushoto: kamba imefunguka,
imeburutwa siku nzima, nyeusi kwa vumbi.
Hakuna aliyemwambia.

Akainama kuifunga.
Ngazi haikungoja, iliendelea kumpandisha
akiwa amepiga goti.