Unanipata?

Miaka ishirini na miwili nilishika redio ya polisi,
chai ya rangi mkono wa kulia, daftari mkono wa kushoto,
nikiita watu nisiowaona:
Mpapai, Mpapai, unanipata?
Leo, hapa Soroti, uwanjani nyuma ya shule,
nimeshika redio nyingine.
Haina mdomo, haina sikio,
ina vijiti viwili tu, vifupi kama vidole vya mtoto.

Etiang, mpwa wangu, ameinua ndege juu ya kichwa,
mabawa marefu kuliko kitanda changu cha kambini,
betri imefungwa tumboni kwa mpira wa baiskeli.
"Mjomba, tayari?"
Si tayari. Nasema tayari.

Anairusha.
Mota inalia kama nyuki aliyefungiwa chupani,
pua inatazama juu, juu mno,
na kidole gumba changu, kizee hiki
kilichobonyeza kitufe cha kusemea usiku na mchana,
hakikuwahi kujifunza kunong'ona.
"Polepole! Unaisukuma kama mkokoteni!"
Nalegeza. Inanyooka.
Navuta pumzi niliyoisahau tangu asubuhi.

Kisha inageuka, inatujia,
na hapo dunia inapinduka:
nasukuma kushoto, inakwenda kulia,
nasahihisha, naharibu zaidi.
Etiang anacheka, amejishika magoti.
"Jifanye umekaa ndani yake!"
Mimi? Kilo tisini na mbili, goti bovu?
Nafumba jicho moja, napanda,
nakalia betri.
Kushoto kwangu kunarudi kushoto.

"Sasa zima mota."
Nizime?
"Zima."

Propela inajikunja kama miguu ya panzi
na kimya kinashuka uwanjani.

Nakijua kimya hiki.
Usiku mmoja wa Machi niliita Mpapai mpaka majogoo yakawika,
nikabadili masafa, nikaipiga redio kwa kiganja.
Upande wa pili, sauti ya ulezi ukipepetwa, basi.
Konstebo Emuge alikuwa na deni langu, shilingi elfu tatu.
Sijamdai mtu.

Lakini ndege haianguki.
Hilo sikulitegemea.
Juu ya mabati ya shule joto la saa saba linapanda,
mwewe wawili wanazunguka humo bila kupiga bawa,
na bawa la kushoto la ndege yangu linanyanyuka
kana kwamba mtu amelisukuma kwa chini, kwa kidole.
"Kata kushoto, mjomba! Hewa iko huko!"
Nakata. Inainama.
Nyasi zinashuka mbali nayo, mabati, mwamba wa mji,
na mimi pia nimekuwa kidoa chenye kofia.
Nagusa kijiti, inainama tena.
Nakupata, inasema. Nakupata vizuri.
Mwewe mmoja anasogea kidogo, anaipisha,
kama watu kwenye benchi la zahanati.

Sijui ilikaa huko muda gani. Shingo iliniuma.
Nilimwambia Etiang ni jua linalonitoa machozi.
Hakuwa ameuliza.

Kutua, tusikuseme sana.
Ilimaliza uwanja, ikavuka njia,
ikajichomeka katikati ya karanga za mama Asekenye,
aliyesimama na jembe, akaitazama, akanitazama.
"Afande, umestaafu na bado unatuvamia?"
Nilipalilia mistari miwili kwa goti langu bovu,
Etiang mmoja, kwa kununa.

Nyumbani nimeitoa udongo puani kwa njiti ya kiberiti.
Kuna ufa mmoja, kama wa kisigino. Gundi inakauka.
Etiang aliagiza nichomoe betri kabla ya kulala.
Bado.
Nimezima taa. Nimeshika redio gizani, sijui kwa nini,
nikasukuma kijiti kushoto, kidogo tu.

Juu ya meza, mkia ukajibu:
krr.