Mchagua Jembe

Wanasema mchagua jembe si mkulima.
Waliosema hawakuwahi kuinamia dashibodi ya Corona
hapa Arua, kando ya barabara ya Koboko,
kioo cha mbele kikikukandamiza kisogo
na mwenye gari kasimama mlangoni, mkoba kwapani,
anakuhesabia pumzi.

Mwenye gari ni Mama Candiru, mkunga mstaafu.
Anasema spika ya kushoto inamsomea habari
kama mtu mwenye ugali mdomoni.
"Itoe. Ila ukinikwaruzia gari,
kumbuka ni mimi niliyekupokea duniani.
Najua ulivyolia."

Onzima, mwanafunzi wangu, keshanyanyua bisibisi bapa,
ile ndefu, ya kufungulia makopo ya rangi.
Namshika mkono.
Mkono huo uliwahi kuwa wangu, mwaka wa gari la Mwalimu Adriko:
nilichomeka chuma, nikakaza, ikalia ta!
ufa ukakimbia kutoka kwenye spika hadi kwenye saa,
nikala muhogo mkavu miezi mitatu
nikilipa plastiki.

Kwa hiyo hii hapa:
kabari niliyoichonga kutoka mdomo wa jerikeni la njano,
nikaisugua sakafuni hadi ikawa laini
kama ukucha wa mtoto.
Plastiki kwa plastiki. Ukweni hakuendwi na rungu.

Na tusianze na baridi. Tulisogeze gari juani,
klipu kuukuu zilegee, zikumbuke kupinda.
Hii si subira, Onzima.
Ni kuogopa muhogo.

Spana namba kumi: waya hasi wa betri utoke kwanza.
Kisha kabari, pembeni, kamwe si katikati.
Tk.
Tk.
Ya tatu inagoma. Iache, izunguke, irudie kwa nyuma.
Tk.

Sasa bisibisi ya nyota, fupi kama kidole gumba;
ndefu itagonga kioo, na kioo hakijui samahani.
Ncha yake iwe na sumaku,
maana skrubu ikitumbukia kwenye tundu la upepo
imehama nchi, haitumi salamu.
Lakini hapo hapo, angalia,
spika nayo ina sumaku yake,
na sumaku mbili zikionana hazingoji mahari:
ncha itaruka, itoboe karatasi,
na utakuwa umeua ulichoitwa kutibu.
Weka kiganja katikati.
Kiganja nacho ni kifaa,
ingawa hakimo kisandukuni.

Spika ikatoka.
Mgongoni, imeshikamana na karatasi, nyumba ya udongo:
nyigu alijenga humo, vyumba vitano,
kila kimoja na tundu dogo la mviringo.
Hiyo ndiyo iliyokuwa ikitafuna habari.

Mama Candiru akavaa miwani.
Akapangusa vumbi kwa ncha ya khanga, akahesabu kwa kidole
kama anayesoma daftari la wodi.
"Watano," akasema. "Wote walitoka salama."
Kisha akanyamaza kidogo,
lori la Kongo likapita likitikisa mabati yetu.

Udongo utoke vipi bila kuchana karatasi?
Mkono wa Onzima ukaenda kwenye ile bisibisi ndefu.
Ukasita juu yake.
Ukapita koleo, ukapita kisu, ukapita hata kabari yangu,
ukaokota mswaki mkuukuu uliolala kwenye mkebe wa misumari
tangu sijui lini.
Akauchovya maji, tone moja tu.
Mimi nilitazama pembeni,
nikajifanya natafuta utepe wa waya.

Saa sita, habari zikasomwa.
Sauti ina mkwaruzo bado, kidogo,
ila sasa ni mkwaruzo wa mtu aliyekwisha kumeza.
Mama Candiru akafunga udongo wake kwenye leso,
akautia mkobani, akawasha gari, akashusha kioo.
"Nilisema uitoe. Imerudi palepale.
Sasa nakulipa ya nini?"

Nikafungua mdomo.
Onzima akanitangulia, mswaki ungali mkononi,
akataja bei.