Sauti ya Kukodi

Nilianza na kipaza sauti kimoja
cha rangi ya chungwa, kimepasuka mdomo,
nilichokinunua Birere kwa dola saba,
mbili zikiwa deni ambalo Hangi
hakulisahau hata siku moja.

Betri sita. Kadi ya kuhifadhia sauti, ndogo kama ukucha.
Na koo hili lililonitoa kwaya:
walisema linakwaruza
kama bati likiburutwa juu ya mawe ya volkeno.
Sawa.
Goma ni mji wa mawe hayo.
Sauti laini hapa nani ataisikia?

Mteja wa kwanza alikuwa muuza sumu ya panya.
"Sema tu inaua," akaniambia.
Nikamjibu: "Baba, neno hilo
katika mji huu halimshtui mtu."
Usiku nikajifunika blanketi, mimi na simu,
mvua isije ikaingia ndani ya maneno,
nikasema:
*Mama, unga wako unaliwa na nani?*
Mara mbili.
Kisha kimya, hesabu mpaka tatu.
Kisha bei.

Kile kimya ndicho kilichouza.

Akaja Mama Kasoki na sambaza zake,
akaja Mumbere wa chukudu, hana breki,
anashuka na viazi kutoka Kibumba:
"Nipe kitu cha kusema nikiwa bondeni tayari."
Akanilipa kwa viazi. Tulikula viazi wiki mbili,
ndipo nikajifunza kupanga bei.

Nikaandika ubaoni, kwa rangi iliyobaki ya mlango:
KANYERE MATANGAZO
DAKIKA MOJA, FRANKA ELFU TANO
UKITAKA NA KUCHEKA, ELFU SITA

Mchungaji mmoja akataka nitangaze miujiza yake.
Nikaomba nione mmoja kwanza.
Hakurudi.

Binamu yangu, mwanafunzi wa chuo, akasema
kazi hii ina jina, ina vitabu,
eti nianze kwa kulichunguza soko lengwa.
Nikamwambia soko nalijua, ni Virunga,
na linalengwa na mvua kila saa nane.
Alicheka, lakini alinifundisha daftari:
aliyelipa huku, asiyelipa kule.
Upande wa kule ulijaa haraka.

Mwezi wa saba vumbi likanifunga koo.
Siku nne sikuweza kuita hata maji.
Nililala Majengo, dirisha wazi,
na sauti yangu ikapita nje
nzima, imechangamka, inauza ndala.
Ikarudi na mkate.
Jioni ikapita mgongoni mwa kijana nisiyemjua,
ina uhakika kuliko mimi:
*Kikohozi? Siku moja tu! Haraka! Haraka!*

Mama akachomoa noti kwenye pindo la kitenge,
akatoka mbio, akarudi na chupa.
"Kunywa," akasema.
"Yule msichana anasema inaponya haraka."

Nilimtazama.
Neno lile nililitunga mwenyewe, chini ya blanketi,
sikuwa nimeiona dawa, sikuwa nimeuliza,
nilipenda tu jinsi linavyoruka mara mbili.
Nikafungua mdomo nimweleze, hakukutoka kitu.
Nikanywa.
Ilikuwa tamu. Ilikuwa sukari.
Usiku kucha nilikohoa,
na mama kila saa alinipa kijiko kingine,
kwa imani.

Koo lilipofunguka nilimtafuta yule kijana.
Akanipeleka kwa bosi wake, nyuma ya kituo cha mafuta.
Nikasema nataka kulifuta neno moja, bure.
Akasema neno hilo ndilo alilolipia.
Nikahesabu elfu tano, nikaziweka mezani,
pesa ya betri, pesa ya Hangi,
akaniachia kadi.

Mahali pa *haraka* sikuweka neno.
Niliweka kimya, hesabu mpaka tatu.

Jana nimekutana naye, ananunua makala.
Anasema siku hizi chupa zinaisha kabla ya mchana,
na anauliza kile kimya ni bei gani,
anataka na cha pili.