Njia ya Kurudi

Mwalimu Onsongo, shuka, ukalie lile tairi.
Usinieleze kwanza. Acha gari lijisemee.

Haya. Nimegeuza ufunguo, likasema tik,
basi, likanyamaza kama mtoto aliyeulizwa
nani amevunja kikombe.
Mshale wa joto ukatetemeka, na injini ni baridi
kama sakafu ya kanisa mwezi wa Julai.
Na usiku taa zinafifia? Nilijua.

Betri tatu tangu Pasaka, unasema.
Moja ya Ngara, moja ya Muthurwa,
ya tatu umeuziwa juzi na shemeji yako, kwa bei ya shemeji,
yaani ghali.
Na alteneta mpya,
mpya maana yake imepakwa rangi ya fedha jana usiku.
Sikucheki, Mwalimu. Grogan ndiyo hii:
kila mtu anakuuzia ugonjwa anaoujua,
na muuza betri anajua betri.

Otiato, lete mita. Siyo hiyo, ile yenye plasta.

Tazama, wewe uliyefundisha hesabu miaka thelathini:
kumi na mbili nukta sita.
Betri hii ina afya kunishinda mimi
niliyeamka saa kumi nikisikiliza mvua kwenye mabati,
nikiwaza kama mto umeshaingia kibandani.
Sasa waya mweusi wa mita hapa, kwenye hasi.
Mwekundu nausimika kwenye mwili wa injini, chuma kwa chuma.
Kati ya hapa na hapa hapatakiwi kitu.
Sufuri, au jirani yake.
Otiato, piga stata.

Mbili nukta tatu.

Isome mwenyewe, usije ukasema Syokau amekudanganya.

Watu huuliza umeme unatoka wapi.
Sijaona anayeuliza unarudi kwa njia gani.
Waya wa kwendea ni mnene, mwekundu,
kila fundi anaupangusa, anaukaza.
Lakini umeme usiporudi betrini
haujafanya kazi yoyote,
umetoka tu matembezi.

Lete kidole. Gusa hii kebo ya mafuta,
inayovutwa na mguu wako wa kulia.
Polepole!
Moto, sivyo?
Kebo ya kabureta haina biashara na umeme.
Ila barabara kuu imefungwa,
basi umepita vichochoroni,
kwenye kebo, kwenye springi, kwenye nati yoyote iliyokubali,
kama sisi siku Landhies Road inapofurika:
kila mtu na ukuta wake wa kuruka.

Tochi. Hapa nyuma ya injini mikono minene haifiki,
ndiyo maana wakauza betri.
Huu msuko wa shaba, ona, umefungwa vizuri,
bolti imekazwa kwa moyo wote,
na chini ya bolti...
Mwalimu, gari hili lilipakwa rangi lini?

Februari. Harusi ya Kerubo.
Samawati ya kung'aa, hata humu ndani ya boneti,
maana ulimwambia mpaka rangi asibakize mahali.
Hakubakiza.
Akapuliza chuma, akarudisha bolti juu ya rangi,
na bibi harusi akafika kanisani kwa heshima zote.
Usimlaumu. Wala usijilaumu.
Picha, umesema, zilitoka vizuri.

Msasa. Nakwangua mpaka chuma kicheke.
Hapo. Kaza. Grisi kidogo juu.

Geuza.

...

Naam. Ndiyo sauti yake hiyo.
Uliisahau? Mbona unaizima?
Ah, unataka kuiwasha tena.
Washa. Washa hata mara kumi, petroli ni yako.

Mia tatu. Ndiyo, mia tatu.
Ukipita kwa shemeji, msalimie.

Na lile doa nililoliacha kitupu nyuma kule,
dogo kama sarafu ya shilingi tano,
lisikuudhi.
Usije ukalipaka rangi.