Daftari la Viberiti

Duka langu la Birere lina upana wa mlango.
Ukiingia wewe, mimi natoka.
Nauza vicheza-muziki vya kubana kwenye nguo,
vyepesi, vya watu wa mazoezi.
Wateja wenyewe wameviita viberiti
na mimi nimekubali; jina ni la mnunuzi.
Dola kumi na mbili. Kumi na moja ukinisalimia vizuri.

Chini ya meza nina daftari la wanaorudi.
Kila anayekuja na kiberiti kimenuna mkononi
namwandika, hata kama nitamkatalia.

Muhindo, golikipa, Katindo:
sikio la kushoto limekufa.
Nikamwambia, kunja waya hapa, ushikilie kidogo.
"Kaka, nitadaka mpira au nitashika waya?"
Nikambadilishia.

Mama Kavira, muuguzi, presha:
daktari wake kamwamuru atembee kila alfajiri
toka Mabanga hadi uwanja wa ndege na kurudi.
Nilimjazia nyimbo za kwaya, mia moja na tatu.
Wiki ya pili huyu hapa. "Zinanichelewesha.
Ukiingia wimbo wa toba nasimama barabarani
macho nimefumba, pikipiki zinanitukana.
Nitolee za toba. Niachie za sifa."
Nikazitoa za toba. Zilikuwa themanini na moja.
Presha ilishuka. Aliniletea ndizi.

Hangi, bondia, shingo kama kisiki:
aligonga meza, viberiti vikaruka.
"Ulisema hakiogopi maji!"
Nilisema maji, nikamjibu, sikusema jasho.
Jasho lina chumvi.
Akanitazama kwa muda mrefu hivi
nikakumbuka kwamba nyumbani nina watoto wanne.
Nilimrudishia dola zake zote, na nauli ya pikipiki.

Byamungu wa chukudu huyu sikujua nimwandike wapi.
Hafanyi mazoezi, anafanya kazi:
anateremsha makaa toka Kibati,
kisha anaisukuma tupu kurudi juu, goti moja kwenye mpira.
Hakulalamika. Aliuliza tu:
"Chaji inaniishia palepale, lami inapoishia,
katikati ya wimbo wa saba. Miezi minne sasa.
Ule wimbo unaishaje?"
Umeme ulikuwepo siku hiyo, kwa bahati.
Tukausikiliza tumesimama, sikio lake moja, langu moja,
vumbi la makaa likinigusa shavu.
Ulipokwisha alinyamaza.
"Kumbe hawakurudiana."
Nikachukua bisibisi, nikamwambia nitaweka betri mpya, bure.
Akaurudisha mkono wangu mezani taratibu.
"Acha. Ikatike palepale."

Halafu Nabintu, mwanafunzi, ametoka Bukavu,
anajiandaa kwa kilomita ishirini.
Alichagua chekundu, akakipima uzito kiganjani,
akatazama kitambi changu, akatazama ukuta wa viberiti.
"Na wewe, baba, unakimbiaga na wimbo gani?"

Mimi nilikimbia mara moja tu.
Ni usiku ule mlima ulipopasuka
na mawingu yakawa rangi ya jiko.
Tulishika njia ya Sake, mji mzima, magodoro vichwani.
Mimi nilibeba chuma cha kulehemu na mwanangu wa kwanza.
Masikioni sikuwa na kitu
isipokuwa kandambili za mama yangu, nyuma:
pa, pa, pa, pa.
Sikugeuka. Nilikuwa nikizisikia, basi yupo.
Zikipungua, napunguza.
Karibu na Mubambiro zikabadilika:
pa, kimya. Pa, kimya.
Miguu yangu ikakosa mpangilio,
nikahesabu kila kimya, nikingoja pa inayofuata,
na kila mara ilikuja, imechelewa kidogo,
hadi Sake, hadi kukakucha,
ndipo nikageuka nikaona mguu mmoja peku,
umechanika na mawe, na yeye anauliza
kama mtoto amekula.

"Mimi sikimbiagi," nikamwambia Nabintu.
Akacheka. Nilimuuzia kwa tisa.